Kutoa badala ya kujumlisha: kwa nini apu yako inaomba apdeti tena

Mteja wetu mmoja alikuja kwenye dawati letu la Jamhuri akiwa na simu mkononi na swali mdomoni. Anauza mitumba pale Toi, na siku hizi karibu malipo yake yote yanaingia kwa simu. Akamwambia kijana wetu wa dawati: "Kijana wangu, hii apu yenu kila wakati inaniambia ati niapdeti. Nikiangalia naona imeandikwa mmeboresha usalama. Usalama gani? Rangi ni ile ile, menyu ni ile ile, lakini data yangu ndiyo imeenda."

Kijana alijibu vile sisi sote hujibu: ni kwa ajili ya usalama wa pesa zako, mama. Ni kweli, lakini hilo si jibu. Ameuliza usalama gani, akaambiwa usalama. Akashukuru kwa heshima, akaenda zake, na sisi tukabaki tukiangaliana.

Basi tumjibu vizuri. Hatutaeleza kila kitu kinachobadilika ndani ya apdeti, maana tungekesha. Tutachukua badiliko moja tu, la kweli, lililotangazwa kwa dunia nzima tarehe 30 Septemba 2025, ambalo mtu yeyote anaweza kwenda kulisoma kwa sababu msimbo wake uko wazi. Lilikuwa badiliko la mstari mmoja. Mtu aliweka alama ya kutoa mahali palipohitaji alama ya kujumlisha, na kosa hilo likakaa humo miaka zaidi ya kumi bila kuonekana.

Ufunguo ndani ya kopo

Kama umewahi kuwa kwenye chama kinachoweka pesa kwa sanduku, unajua ile ya kufuli tatu. Sanduku linakaa kwa mtu mmoja, funguo zinakaa kwa watu wengine watatu, na siku ya mkutano ni lazima wote wafike ndipo sanduku lifunguke. Ni mpango mzuri kwa sanduku moja.

Sasa fikiria una masanduku elfu kumi. Kila moja lina ufunguo wake, na funguo zenyewe zinabadilishwa kila mara, kwa sababu ufunguo uliotumika muda mrefu ni ufunguo ambao huenda mtu ameshauchonga kopi. Hizo funguo zote utaziweka wapi? Ukizitundika ukutani, mwizi hahitaji kuvunja sanduku lolote, anahitaji ukuta tu. Suluhisho ni kuweka kila ufunguo ndani ya kopo dogo na kufunga makopo yote kwa ufunguo mmoja mkuu. Makopo sasa yanaweza kukaa kwenye rafu ya kawaida. Unaweza hata kumpa mtu wa boda akupelekee kopo hadi ofisi nyingine, kwa sababu hawezi kulifungua. Kile unacholinda kwa jicho kali ni ufunguo mkuu peke yake.

Kompyuta za malipo zinafanya hivyo hivyo. Unapomtumia ndugu yako shilingi 500, ujumbe huo husimbwa ili anayeuchungulia njiani asione kitu cha maana. Ufunguo wa kusimba si chuma, ni nambari tu, mara nyingi ya baiti 16 ama 32. Nambari hizo ni nyingi sana, na lazima zihifadhiwe mahali na kuhamishwa toka mashine moja hadi nyingine. Kwa hiyo nazo husimbwa kwa ufunguo mkuu. Hapa ofisini tunaita kazi hiyo kufungasha ufunguo, na tutatumia neno hilo. Ufunguo mkuu wenyewe unakaa ndani ya kifaa maalum ambacho kimeundwa kujifuta kikihisi mtu anakipasua kwa nguvu.

Kwa mfano wa hapa nyumbani: Aprili 2015 Safaricom ilihamisha seva za M-Pesa kutoka Ujerumani hadi Kenya. Sisi hatukuwa ndani ya kazi hiyo na hatuwezi kusimulia vile ilifanyika. Lakini mtu yeyote wa fani hii ukimtajia mfumo wa pesa unaohama bara moja hadi jingine, swali la kwanza kichwani mwake ni funguo zilisafirije. Ufunguo hausafiri uchi.

Ndiyo maana msimbo wa kufungasha ni mahali pa kuogopa. Kosa kwenye rangi ya kitufe linaudhi. Kosa kwenye ujumbe mmoja linaweza kuharibu muamala mmoja. Kosa kwenye kufungasha linagusa kopo linaloshika ufunguo unaoshika kila kitu kingine.

Jambo moja zaidi kabla hatujafika kwenye ule mstari. Hesabu hizi hakuna kampuni yenye akili inayojiandikia yenyewe. Tunachukua maktaba ya programu iliyoandikwa na watu waliobobea, iliyosomwa na wengi, na inayotumika kila mahali. Maarufu kuliko zote ni OpenSSL, na imo kwenye seva nyingi sana duniani, za benki, hospitali, serikali na maduka. Ni heri, kwa sababu macho ni mengi. Ni hatari pia: ikiwa na tundu, tundu ni la wote.

Bahasha inayojitangaza

Kuna njia zaidi ya moja ya kufungasha ufunguo. Ile yenye kosa letu ilielezwa Desemba 2001 katika hati ya kiufundi RFC 3211, na inatumika pale ufunguo unapofungashwa kwa kutumia neno la siri. Muundo wake si mgumu. Ukishafungua kopo unakuta baiti zimepangwa foleni. Baiti ya kwanza inatangaza urefu wa ufunguo uliomo. Tatu zinazofuata ni alama za kuhakikisha kwamba umefungua kwa ufunguo sahihi. Halafu ndiyo ufunguo wenyewe, na mwisho kuna vijazio vya bahati nasibu vya kufika kwenye kipimo.

Kwa hiyo kabla ya ufunguo kuna baiti nne: moja ya urefu, tatu za uhakika. Weka hiyo nne kichwani.

Tuseme kopo lina baiti 24 kwa jumla. Ukitoa zile nne za mwanzo unabaki na nafasi ya 20. Ikiwa baiti ya kwanza inatangaza "ufunguo una baiti 16", sawa, zinatosha na vijazio juu. Ikitangaza 20, sawa, zimetosha kamili. Ikitangaza 28, huo ni uongo, maana kopo lenyewe lina 24. Programu inayofungua inapaswa kukataa na kutupa kila kitu.

Kipimo sahihi, kwa maneno ya kawaida, ni hiki: chukua urefu uliotangazwa, jumlisha nne, na kama jibu linazidi ukubwa wa kopo, kataa.

Msimbo wa OpenSSL ulikuwa unasema: chukua urefu uliotangazwa, toa nne, na kama jibu linazidi ukubwa wa kopo, kataa.

Fanya hesabu mwenyewe. 28 ukitoa 4 ni 24. Je, 24 inazidi 24? La. Basi programu inasema pita, ndugu, na inaanza kunakili baiti 28 kuanzia baada ya zile nne. Itafika mwisho wa kopo na kuendelea kusoma baiti 8 za kitu kingine kabisa kilichokuwa jirani kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Na kwa kuwa mahali pa kunakilia pametengwa nafasi ya 24, baiti 4 za mwisho zitaandikwa juu ya kitu cha mtu mwingine. Hivyo ndivyo maelezo ya marekebisho yenyewe yalivyosema: kusoma kupita mpaka hadi baiti 8, kuandika kupita mpaka hadi baiti 4.

Baiti nne ni kidogo, utasema. Ni kidogo kweli, lakini ni kama kuhamisha kigingi cha shamba hatua nne. Mara nyingi kitakachotokea ni programu kuanguka, na seva ya malipo iliyoanguka ni watu wamesimama kwenye foleni ya supamaketi wakitazama simu. Mara chache zaidi, mjanja anaweza kutafuta namna ya kuzitumia hizo baiti kuiamuru mashine mambo ambayo haikuambiwa.

Tusikutishe bure. Wenyewe waliliweka kosa hili kwenye kiwango cha wastani, wakaeleza kwamba njia hii ya kufungasha kwa neno la siri hutumika kwa nadra sana. Hatuna sababu ya kusema kuna mtu alipoteza hata shilingi kwa ajili yake. Tumelichagua kwa sababu ni dogo, unaweza kulishika lote mkononi, na kwa sababu ya muda lililokaa. Matoleo yaliyoathirika yalikuwa pamoja na 1.0.2, ambalo lilitoka Januari 2015. Aliyeliripoti, Agosti 2025, ni Stanislav Fort wa Aisle Research, na marekebisho aliyafanya pamoja na Viktor Dukhovni. Miaka kumi na zaidi, na mstari huo ulikuwa wazi kusomwa na yeyote duniani.

Ukiuza kitu sokoni unaujua mchezo huu tayari. Mtu amesimama mbele yako, amechagua suruali tatu, simu yako inalia, unaona meseji: umepokea shilingi 3,000. Meseji ina jina, ina tarehe, ina salio jipya. Unampa mfuko, anaenda. Jioni unaangalia salio, hakuna kitu, meseji ilitoka kwa namba ya mkora. Meseji ilitangaza kiasi, ukaiamini bila kuangalia kilichomo. Baiti ya kwanza ya lile kopo ni meseji kama hiyo, na programu nayo iliangalia salio, lakini ikapiga hesabu vibaya.

Kwa nini majaribio hayakuliona

Hapa ndipo watu wengi hushangaa. Msimbo huo hujaribiwa kila siku, na majaribio yalikuwa yanapita.

Majaribio ya kufungasha hufanana na ule mhuri unaouona kwenye mizani ya bucha. Afisa wa vipimo anakuja na jiwe la kilo moja linalojulikana, analiweka, mizani ikisema kilo moja anagonga mhuri. Njia nyingine ya kufungasha, inayotumika zaidi, ipo kwenye hati RFC 3394 ya Septemba 2002, na hati hiyo imeandika mawe yake ndani. Inasema: chukua ufunguo mkuu unaoanza 00 01 02 na kuendelea hadi 0F, fungasha ufunguo 00 11 22 hadi FF, na jibu lako lazima lianze 1FA68B0A8112B447. Ukiwa Nairobi ama Seoul jibu ni hilo hilo. Likitofautiana hata kwa herufi moja, umekosea.

Ni kipimo kizuri sana, lakini kinapima kopo la mtu mkweli. Makopo yanayotengenezwa na programu yetu wenyewe hutangaza urefu wa kweli kila mara, na kwa urefu wa kweli, kutoa nne na kujumlisha nne hutoa uamuzi ule ule: pita. Unaweza kufungua makopo ya kweli milioni mia na usione tofauti. Tofauti inaonekana siku ya kwanza kopo litakapodanganya.

Na hii si mara ya kwanza. Aprili 2014 OpenSSL hiyo hiyo ilitangaza kosa lililopewa jina Heartbleed. Mashine moja ilikuwa inaweza kuiuliza nyingine, uko hai? Nirudishie neno hili, lina herufi kadhaa. Aliyeuliza alitangaza urefu, na aliyejibu hakupima kama neno lililoletwa lilikuwa na urefu huo kweli. Ukileta neno fupi ukadai ni refu, ulirudishiwa neno lako pamoja na hadi karibu kilobaiti 64 za vitu vilivyokuwa kwenye kumbukumbu ya seva: manenosiri, hata funguo za siri zenyewe. Kosa hilo liliingia kwenye toleo lililotoka Machi 2012. Kabla ya kuingia lilikaguliwa na mtu aliyeijua kazi yake vizuri. Alisoma, akaona ni sawa, akapitisha.

Sisi hatumcheki. Ukisoma msimbo ulioandikwa na mtu mwenye nia njema, akili yako inaufuata ule unaoutarajia, si ule ulioandikwa. Ni kama kusoma barua ya mwanao: makosa ya tahajia hayaonekani kwa sababu unajua alitaka kusema nini.

Vile tunakagua

Badiliko linapokuja, ama kutoka kwa watu wa maktaba ama kwa fundi wetu, linafika kama kurasa mbili zilizowekwa pamoja. Mistari iliyoondolewa ina alama ya kutoa pembeni, iliyoongezwa ina alama ya kujumlisha. Aliyeandika haruhusiwi kujipitishia. Kwa mambo ya kawaida anahitajika mtu mmoja wa kusoma. Kwa chochote kinachogusa funguo tunataka wawili, na wa pili haruhusiwi kusoma maoni ya wa kwanza kabla hajaandika yake. Hilo la mwisho linachelewesha kazi na mafundi wetu hulinung'unikia. Tumelishikilia, kwa sababu mtu akishaona mwenzake ameandika "iko sawa", macho yake yanakuwa mepesi.

Tunachotafuta kwanza ni nambari zinazotangazwa na upande wa pili. Kila mahali msimbo unapochukua urefu ulioletwa kutoka nje, msomaji anasimama, anachukua karatasi na kalamu, kweli karatasi, na anapiga hesabu kwa thamani tatu: inayotosha kamili, inayozidi kwa moja, na kubwa kabisa inayowezekana. Kwenye ule mstari wa RFC 3211, kwa kopo la baiti 24, thamani ya pili ni 21. Ishirini na moja ukitoa nne ni kumi na saba, programu inapitisha, na hapo kosa limejianika. Ni kazi ya dakika tano kwa mtu aliyekaa chini kuifanya. Tatizo ni kukaa chini.

Tukishamaliza na karatasi tunaiachia kompyuta irushe makopo ya uongo, mamilioni, yenye nambari za ovyo, usiku kucha. Haina aibu wala haichoki.

Halafu tunaangalia kinachotokea programu inapokataa. Hili watu hulisahau. Kopo likikataliwa, ufunguo uliokuwa umefunguliwa nusu lazima ufutwe kwenye kumbukumbu, usiachwe umelala mezani. Na jibu la kukataa liwe moja tu kwa sababu zote. Ukimwambia mtu "alama ya pili ndiyo haikulingana", umemsaidia kubahatisha vizuri zaidi mara ijayo. Ni sababu ile ile inayofanya apu yako iseme tu kwamba nambari ya siri si sahihi, bila kukwambia umekosea tarakimu gani.

Kuna kosa moja letu wenyewe ambalo tungependa mlijue, kwa sababu lilikuwa karibu kuwagusa, na halikuhusu wezi hata kidogo. Fundi wetu alileta badiliko la kusafisha msimbo. Tulikuwa na funguo zilizofungashwa kwa njia ya RFC 3394, ambayo hukubali funguo zinazogawanyika katika vipande vya baiti 8 tu. Alitaka tuhamie njia ya RFC 5649 ya mwaka 2009, inayokubali urefu wowote kwa kuongeza vijazio. Wazo zuri. Msimbo ulikuwa mfupi kuliko wa zamani, majaribio yote yalipita, msomaji wa kwanza akapitisha.

Msomaji wa pili, dada ambaye alikuwa na sisi kwa miezi michache tu, aliandika swali moja: funguo za zamani zitafunguliwa na nani?

Ofisi ikanyamaza. Njia hizo mbili zinafanana kama mapacha lakini alama zake za ndani ni tofauti. Ya zamani inaweka A6 mara nane, na ukifungua usiikute, unatupa. Mpya inaweka A65959A6, kisha urefu uliotangazwa, tena ule urefu wetu. Programu mpya ingechukua kopo la zamani, ikose alama yake, na ilikatae kama la mwizi, tena kwa haki kabisa. Funguo zote zilizofungashwa kabla ya siku hiyo zingekataliwa. Pesa zenu zingekuwepo, hazijaguswa na mtu, na hakuna ambaye angeweza kuzifikia hadi tugundue na kurudisha msimbo wa zamani. Majaribio hayakulalamika kwa sababu kila jaribio lilifungasha kwa njia mpya na kufungua kwa njia mpya.

Tuliihamia njia hiyo baadaye, polepole, programu ikijua kufungua zote mbili na kufungasha kwa mpya tu, hadi makopo ya zamani yakaisha. Tunaitaja hapa kwa sababu watu hufikiri usalama ni kumzuia mwizi. Mtu aliye kwenye dirisha la hospitali saa tisa usiku na pesa zake haziendi, kwake hakuna tofauti kubwa kati ya kuibiwa na kufungiwa nje.

Na mara chache, anayeleta badiliko si mkweli. Machi 2024 iligunduliwa kwamba programu ya kubana mafaili iitwayo xz ilikuwa imewekewa mlango wa siri na mtu aliyekuwa ameisaidia kwa zaidi ya miaka miwili hadi akaaminiwa kabisa. Mhandisi Andres Freund aliugundua kwa sababu kuingia kwenye mashine zake kulikuwa kunachelewa nusu sekunde hivi, na hakutaka kuliacha jambo hilo lipite. Mweka hazina wa chama aliyehudhuria kila mkutano kwa miaka miwili bado anahesabiwa pesa mbele ya wote. Hakuna anayemtukana kwa hilo.

Sasa, data yako

Turudi kwa mama wa Toi. Marekebisho yakitangazwa hadharani, kama yale ya tarehe 30 Septemba, yanasomwa na watu wote siku hiyo hiyo, wakora wakiwemo. Badiliko linalosema "hapa kulikuwa na kutoa, sasa kuna kujumlisha" ni ramani ya kuonyesha tundu lilikuwa wapi kwa kila mashine ambayo haijarekebishwa. Kuanzia hapo ni mbio. Upande wa seva tunakimbia sisi na hutasikia kitu. Lakini apu iliyo kwenye simu yako ina kipande chake cha maktaba ndani, na hicho hatuwezi kukibadilisha bila wewe kukubali. Ndiyo ile meseji.

Hatujazi apdeti mambo ya urembo kisha tukaziita za usalama. Tulikuwa tunachanganya zamani, na malalamiko yenu kuhusu data ni ya haki. Sasa zinatoka mbali mbali, na zile za usalama peke yake ni ndogo. Ukiwa na data kidogo, hiyo ndiyo ya kwanza. Ile ya rangi mpya inaweza kungoja ufike mahali pa Wi-Fi.

Ukitumia menyu ya USSD kwenye simu ya kawaida, huna cha kupakua, kazi yote iko upande wetu na wa mtandao. Apu isichukuliwe kokote isipokuwa kwenye duka rasmi la simu yako. Linki ya apdeti iliyokuja kwa WhatsApp ama SMS usiibonyeze, hata kama imeandikwa jina letu na ina nembo yetu. Sisi hatutumi linki za apdeti. Na mtu akikupigia akisema anakusaidia kuapdeti, kisha akaomba nambari yako ya siri, huyo kata simu. Ukaguzi wote tuliousimulia hapo juu hauna nguvu juu ya nambari uliyoitamka mwenyewe.

Kwa walio na simu za zamani ambazo apu mpya inakataa kuingia: tunajua ni wengi. Njoo na simu na kitambulisho kwenye dawati la Jamhuri, tutakuonyesha vile utahamia menyu ya USSD bila kupoteza laini wala salio. Inachukua dakika chache. Na mama, ukipita tena, muulize kijana wetu lile swali. Ameshasoma hii.